Nani Kamleta?

Kwetu Matiri, mkubwa mpya akiingia Mbinga, watu hawaulizi kwanza kasoma wapi. Wanauliza: "Nani kamleta?" Utalisikia swali hilo kilabuni, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, hata nje ya kanisa baada ya misa. Wapo wanaoliona ni umbeya wa kijijini. Mimi naliona ni swali la historia, tena zito.

Tuanze na jirani zetu Wangoni. Karne ya 19 walikuwa na falme mbili huku kusini, Njelu na Mshope. Juu alikaa nkosi, na chini yake manduna, ambao walikuwa washauri wake na majemadari wake. Unkosi ulikwenda kwa ukoo wa kifalme. Unduna ulikuwa kazi ya kupewa. Lakini nduna hakuishi kwa hisani ya nkosi tu. Alikuwa na watu wake na wapiganaji wake, na hao ndio waliokuwa nguvu yake. Songea Mbano alikuwa nduna wa Njelu, wakati nkosi akiwa Mputa Gama. Wajerumani waliwanyonga wote wawili mwaka 1906, katika vita vya Majimaji. Leo mji hauitwi Mputa, bwana. Unaitwa Songea. Mteuliwa kabaki kwenye ramani kuliko aliyekuwa juu yake.

Chini ya Wajerumani mambo yalikuwa mengine. Akida na jumbe walikuwa mkono wa serikali: kodi ije, watu waende kazini, basi. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1926, wakawatumia machifu, Umatengoni na Ungoni pia, ila chifu asiyetambuliwa na serikali hakuwa chifu. Uhuru ukaja. Mwaka 1962 tukaletewa Maeria Kamishna, na mwaka 1963 uchifu ukafutwa kisheria. Mimi siulilii uchifu. Kuzaliwa katika nyumba fulani si sifa ya kutawala. Ninachouliza ni hiki: aliyeteuliwa anatazama wapi, juu au chini?

Masika moja barabara yetu ilikatika. Mama yangu mdogo, mjamzito, alibebwa kwa machela saa nyingi, akafika hospitali mtoto ameshakufa. Miezi michache baadaye kiongozi mmoja wa kuteuliwa akaja kufanya mkutano wa hadhara. Baba mdogo akasimama, akavua kofia, akauliza kwa adabu zote barabara itatengenezwa lini. Jibu lilikuwa fupi: "Mzee, mimi sikuletwa hapa na ninyi." Uwanja ukanyamaza. Kisha babu mmoja akasema kutoka nyuma, "Basi aliyekuleta apite yeye barabara hii." Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Alivaa kofia yake, akakaa.

Ndugu msomaji, jibu lile lilinisumbua kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Ndiyo maana nilipokuwa nikisoma habari za wafalme wa kale wa Korea nilisimama mahali fulani, nikarudia ukurasa. Mwaka 958 mfalme Gwangjong wa Goryeo alianzisha mitihani ya kuwapata watumishi wa serikali. Lakini kufaulu hakukutosha, hata kupendwa na mfalme hakukutosha. Jina la mteule lilipelekwa kwa wakaguzi, wakachunguza mwenendo wake na ukoo wake, kisha watie saini. Wasipotia, hashiki kazi. Ufalme wa Joseon, ulioanza mwaka 1392, uliendelea na desturi hiyo kwa namna yake: wizara iliandika majina matatu, mfalme akatia nukta ya wino kwenye moja. Ila saini ya wakaguzi ikabaki kwa vyeo vya daraja la tano kushuka chini. Wakubwa wakaponyoka.

Haikuwa demokrasia, na watumwa hawakuwa na nafasi katika mitihani ile. Lakini angalau palikuwa na mkono wa pili.

Kwetu ni kinyume chake. Katiba inasema Waziri Mkuu hashiki madaraka mpaka Bunge limthibitishe kwa kura. Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Mwenyekiti wa kijiji tunampigia kura kila miaka mitano. Katikati hapo yuko Mkuu wa Wilaya, anayeweza kuamua mengi juu ya maisha yetu: anateuliwa na Rais, hakuna baraza linalompigia kura, na siku akitenguliwa sisi tunasikia redioni kama tulivyosikia alipokuja.

Watasema kura zitaleta ukabila, na mgeni hutenda haki kuliko mwenyeji. Inawezekana. Basi abaki mgeni, na Rais ateue. Lakini kabla hajakalia kiti, aje mbele ya madiwani wetu, aulizwe habari za barabara, kahawa na zahanati, nao wawe na haki ya kusema hapana. Hata wakisema hapana mara moja tu katika miaka kumi, wote watakaofuata watajua kwamba wameletwa na watu wawili.