Mikono nayo hukua

Kila Januari wazazi hupima viatu vya shule, lakini ni wachache wanaopima mikono. Kijana mmoja wa miaka 16 alianza kurudi kutoka shambani kabla ya saa nne asubuhi, viganja vimejaa malengelenge. Baba yake alisema ni uvivu. Mama ndiye aliyeulaza mkono wa mtoto juu ya wa baba: vidole vya kijana vilipita vya mzazi. Jembe lilikuwa la baba, na mpini wake mwembamba ulichongwa kwa kiganja cha baba.

Mpini mwembamba huzunguka ndani ya mkono mkubwa. Anayelima hulazimika kuukaza, mkono huchoka na ngozi husuguliwa. Mnene mno nao haufai, maana vidole havifungi. Kwa watu wazima wengi, unene wa sentimita 3 hadi 5 unatosha. Wenye mikono mikubwa waanzie 4. Mtoto aushike mwenyewe: ncha za vidole zikaribie gumba bila kuchimba kiganja.

Baba alimpeleka kijana kwa seremala, akamwambia, "Chagua wewe, mwanangu." Walichukua mti mkavu, kwa sababu mbichi husinyaa na jembe huchomoka, wenye nyuzi zilizonyooka kutoka juu hadi chini. Ukalainishwa bila kupakwa vanishi, usije ukateleza kwa jasho.

Pesa ya mpini mpya ikikosekana, ukanda wa tyubu ya baiskeli ukiviringishwa vizuri huongeza unene wa ule wa zamani.