Kumi ya Nini?

Leo nawapea hasara yangu bure, msije mkailipia kama mimi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikata. Mwaitu, yaani mamangu, aliuza ndengu miaka yote kunisomesha. Niliporudi nyumbani Kitui hakunigombeza. Aliniambia tu, "Basi hiyo kompyuta ifanye kazi hapa." Haki iliniuma kuliko kugombezwa.

Kazi yake iko hivi: ananunua ndengu vijijini huku kwetu, anavuka Mto Athi, anaenda kuziuza Wote, kule Makueni. Wakulima wengine huleta kwa gorogoro, wengine washapima kwa kilo. Yeye huhesabu gorogoro moja kama kilo mbili. Wateja wake wa Wote wanataka kilo pekee.

Mimi nikajiona fundi. Java inakubali methodi mbili ziwe na jina moja, bora tu zipokee vitu vya aina tofauti. Hiyo ndiyo wanaita ovalodingi. Nikaandika lipa(int) ya gorogoro na lipa(double) ya kilo. Gorogoro si huhesabiwa nzima nzima? Na kilo si huwa na nukta? Kwa hivyo namba ikiwa na nukta, programu inaipeleka kwa kilo. Isipokuwa nayo, inaenda kwa gorogoro. Hadi video nilirekodi nikijisifu.

Siku ya soko mzee mmoja akaleta kilo 10 kamili. Mdogo wangu akaandika 10. Hakuna nukta! Programu ikaona gorogoro 10, yaani kilo 20. Bei ilikuwa shilingi 100 kwa kilo, na badala ya 1,000 tukamlipa 2,000. Na hakuwa peke yake. Java haikulalamika hata kidogo, kwa macho yake kila kitu kilikuwa sawa. Jioni pesa ya Mwaitu imeisha na magunia hayajajaa.

Beshte yangu akasema niandike methodi moja inayopokea Object. Hiyo inapokea chochote, bana. Hata neno "kumi" litaingia, halafu ukililazimisha liwe namba programu inaanguka watu wakiwa kwa laini.

Nilichelewa kuelewa jambo moja: int na double zinasema namba ni ya aina gani, hazisemi inapima nini. Nikatengeneza klasi mbili, Gorogoro na Kilo, zote chini ya intafesi moja inayoitwa Kipimo. Kipimo kina swali moja tu: wewe ni kilo ngapi? Gorogoro inazidisha mara mbili, Kilo inajibu ilivyo. Sasa methodi ni moja, lipa(Kipimo), na mdogo wangu lazima achague kipimo kabla ya kuandika namba. Debe likija kesho, naongeza klasi yake. Lipa siigusi.

Yule mzee alirudisha 1,000 yetu wiki iliyofuata. Wengine hatujawaona hadi leo.

Nilipomweleza Mwaitu nilivyorekebisha, alicheka. "Si mimi huwauliza kila siku, kumi ya nini?"

Hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa Java. Na mimi, kabla ya kuandika methodi yangu ya kwanza, sikuwahi kukaa naye sokoni hata asubuhi moja. Wewe usirudie hiyo. Anza kwa anayepima.