Jicho Lenye Umbo la Pia

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni kama usiku wa giza. Ndugu wasomaji, ugonjwa ninaousimulia hapa hata mimi sikuwahi kuusikia hadi uliponibishia hodi. Unaitwa keratokonasi.

Konea ni kile kioo angavu kilicho mbele ya jicho. Kwa kawaida ni mviringo kama mpira. Ugonjwa huu ukikuingia, konea huwa nyembamba na kuchongoka pole pole mpaka ikapata umbo la pia. Mwanga haukutani tena mahali pamoja. Basi taa moja naiona tatu, na herufi za ubaoni zina vivuli. Mara nyingi huanza katika umri wetu huu, na huzidi kwa miaka kadhaa.

Nilibadilishiwa miwani mara tatu kwa miaka miwili, wapi! Wenzangu wakanibandika jina, "Profesa". Mwishowe nilipelekwa Nairobi, ambako mashine ilichora ramani ya konea zangu, milima na mabonde kama somo la Jiografia. Jicho la kushoto lilikuwa limeharibika sana. La kulia ndiyo kwanza limeanza.

Daktari alieleza kuwa kufikicha macho huidhoofisha konea zaidi. Nasi wa Macalder twalijua vumbi la vinu vya kusagia mawe ya dhahabu! Macho huwasha kutwa. Nikapewa matone ya kutuliza mwasho.

Jicho la kulia likatibiwa. Hutiwa matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, kisha humulikwa kwa miale ya urujuanimno ili nyuzi za konea zishikane na kukaza. Njia hii ilibuniwa Dresden, Ujerumani, katika miaka ya 1990. Baba aliuza ng'ombe wawili. Siku tatu niliumwa, machozi yakitiririka kama mto Kuja wakati wa masika.

Niliporudi, nyanya akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, waona vizuri?"

"La, nyanya. Naona vile vile."

Akashika kichwa. "Ng'ombe wawili, na waona vile vile?"

Nikamweleza kuwa tiba ile hairudishi kilichopotea, bali hulinda kilichobaki. Mtu akijenga ukingo kando ya Kuja, shamba lililochukuliwa na maji halirudi, lakini lililosalia hupona. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi ng'ombe wanachunga jicho."

Jicho la kushoto sasa huvaa lenzi ngumu, ndogo kuliko kifungo cha shati. Siioshi kwa maji ya mto wala ya mfereji, kwani vijidudu vyake vyaweza kulipofusha jicho. Nina dawa yake maalumu. Hali ikizidi kabisa, mtu hupandikizwa konea ya marehemu aliyejitolea. Hata Stephen Curry, bingwa wa mpira wa kikapu Marekani, alisema mwaka wa 2019 kuwa ana ugonjwa huu na huvaa lenzi.

Walimu wetu wapendwa, mkimwona mwanafunzi anabadilisha miwani kila mara na bado anakodoa macho, msidhani ni uvivu. Mshaurini apimwe konea mapema.

Mimi narudi kupimwa mwezi wa Agosti. Ramani ikiwa ile ile, nyumbani tutasherehekea.