Daftari la Qurum, Maskati, Februari 2021

Ijumaa, 12 Februari

Pwani imefungwa tangu jana, na bustani za umma pia. Wiki mbili. Alasiri nimepita kwa gari: mchangani hakuna mtu, kunguru ndio wanaotembea. Mikoko ya hifadhi iko pale pale. Jina lenyewe la Qurum ni mikoko, na babu zetu walisafiri na boriti za mikoko kutoka Rufiji mpaka huku. Njia ni ile ile, mizigo tu inabadilika.

Dada anaingia kesho usiku kutoka Unguja. Nimemtandikia chumba cha uani, chenye choo chake.

Jumapili, 14 Februari

Kafika salama. Uwanjani wamemtia kijiti puani, wakamvisha bangili ya karantini, akaambiwa akae ndani mpaka apimwe tena. Kuanzia kesho kila anayeingia nchini atakaa hotelini siku saba kwa gharama zake, kwa hiyo anajiona mjanja.

Usiku ule ule watu wakaja kumpokea. Walisema watamsalimu kwa mbali, na mbali ya kikwetu ni kushikana mikono bila kukumbatiana. Akafungua begi: mabungo, vileja, karafuu za Pemba. Kila mmoja akaondoka na fungu lake. Na mimi, niliyestaafu ukarani wa takwimu za afya, ndiye niliyewamiminia kahawa.

Jumatatu, 15 Februari

Ujumbe umeingia kwenye simu baada ya adhuhuri. Ana korona.

Nimesimama nje ya mlango wake nikamwambia. Kimya. Kisha: "Ni baridi ya ndege tu, mdogo wangu. Kwetu watu wanakohoa, wanajifukiza, yanapita." Nikamuuliza kwao wanakuitaje huko kukohoa. "Changamoto ya kupumua," akasema, akacheka, kicheko kikamgeukia kikohozi. Baadaye akaniita tena: "Usiniandike mahali."

Nimeandika. Si jina lake, ila ya wale waliokuja Jumamosi usiku. Nimewapigia mmoja mmoja. Kumi na wawili. Watatu wamenishukuru, wawili wamenuna, mmoja ameniuliza kama nataka kumharibia arusi ya mwanawe. Waliobaki walisema "inshallah" kwa sauti ambayo siwezi kuihesabu upande wowote.

Jumatano, 17 Februari

Maalim Seif amefariki leo hospitalini Muhimbili. Simu zote za Qurum, Al Khoud na Seeb zinalia kwa Kiswahili.

Mwishoni mwa mwezi uliopita chama chake kilitangaza waziwazi kwamba yeye na mkewe wana korona. Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, katika Tanzania ambayo hesabu yake imeganda tangu Mei mwaka jana: wagonjwa 509, waliokufa 21. Kila nikifungua jedwali la Shirika la Afya Duniani naikuta 509 imekaa kama saa iliyokwisha betri.

Dada amelia nyuma ya mlango. Kisha akasema polepole: "Yeye alikubali aandikwe."

Sikumjibu.

Jumatatu, 22 Februari

Jana Rais Magufuli amewaambia watu wavae barakoa, zile zilizotengenezwa nyumbani. Mwezi uliopita alikuwa akizishuku chanjo za kigeni. Dada amefurahi, amesema yeye barakoa yake ya kitenge alishaishona zamani, hakusubiri tangazo.

Leo hana homa. Ameomba uji wa pilipili manga.

Alhamisi, 25 Februari

Dada amevuliwa bangili. Na leo hii Oman imefunga mlango kwa wanaotoka nchi kumi, Tanzania ikiwamo, kwa siku kumi na tano. Angechelewa wiki mbili asingeingia kabisa.

Mwezi huu Waziri wa Afya, Dkt. Ahmed Al Saidi, alisema kati ya wasafiri waliotoka Tanzania asilimia 18 walikutwa na virusi walipopimwa hapa. Namba hiyo nimekaa nayo siku nyingi. Asilimia 18 ya wasafiri si asilimia 18 ya nchi. Anayepanda ndege ni mtu wa mjini, ana nauli, kapita kwenye arusi na matanga ya kuagana kabla ya safari. Karani yeyote mwenye haya angeandika tahadhari hiyo pembeni. Lakini nyumba ikifungwa milango na madirisha, jirani atachungulia tunduni, na atakachokiona tunduni ndicho atakachokiamulia. Tanzania iliacha kujihesabu, ikahesabiwa Maskati.

Nimemkumbuka Dkt. James Christie, tabibu aliyeishi Unguja, aliyechapisha mwaka 1876 kitabu juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki. Alifuata ugonjwa wa 1869 hatua kwa hatua, kutoka nchi ya Wamasai mpaka Pangani, kisha Unguja. Hakuwa na kijiti wala mashine. Alikuwa na watu wa misafara na wa majahazi waliokubali kumwambia: tulilala pale, wakafa kadhaa, tukaendelea. Hata leo utafiti wote unasimama juu ya mtu mmoja kukubali kumwambia mwingine.

Huku kwetu walifanya kazi hiyo vizuri, sina budi kusema. Aprili mwaka jana, Mutrah ilipofungiwa na vyumba vya vibarua vimejaa, serikali ilitangaza wageni watapimwa na kutibiwa bure. Julai mpaka Novemba Wizara ikachukua damu nchi nzima kwa awamu nne, ya Waomani na ya wageni, kuwatafuta walioupata ugonjwa bila kujua. Ukitaka kujua moto umefika wapi, huwaulizi wenye majumba peke yao.

Nimeandika hayo nikajiona mtu wa maana sana.

Jumapili, 28 Februari

Alfajiri nimesikia kikohozi jikoni.

Binti anayetusaidia kazi alikuwa anakanda unga wa chapati, amegeuza uso begani ili asikoholee unga. Nikamuuliza tangu lini. "Siku nne, mama. Si kitu."

Yeye ndiye aliyebeba sinia mpaka mlango wa uani mara tatu kwa siku. Yeye ndiye aliyeosha vikombe vya Jumamosi ile, na mashuka ya Dada. Nilipopiga simu zangu kumi na mbili alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, anapiga pasi.

Sikumficha. Ningemficha ningejua la kutubu. Sikumwona tu.

Nimempeleka kupimwa, majibu bado. Kwenye karatasi ya kliniki walitaka jina kamili. Ana miaka mitatu nyumbani kwangu, na ilinibidi nimwombe kitambulisho ili nisome jina la pili.

Chapati nimekanda mwenyewe. Dada kasema zimekuwa ngumu.

Nimerudi kwenye orodha ya tarehe 15, chini ya mstari niliokuwa nimeufunga kwa wino mwekundu. Nimeandika 13, na majina yake yote mawili.