Kilevi na Usukani: Nasaha ya Mjomba kwa Mpwa Aliyepata Leseni

Batsinda, Kigali

Ulevi wa dereva nchini Rwanda hupimwa kwa namba. Agizo la Rais nambari 85/01 la tarehe 2 Septemba 2002, linalohusu usalama barabarani, liliweka mpaka wa gramu 0.8 za kilevi katika kila lita ya damu. Askari wa barabarani humpulizisha dereva kwenye kipimo cha pumzi, na kipimo hakisikilizi utetezi wa "mimi nimezoea". Mazoea huficha ulevi usoni tu. Kwenye damu kilevi kiko palepale.

Hesabu yake ni fupi. Chupa kubwa ya bia, ya sentilita 72 na kilevi cha asilimia 5, ina gramu zipatazo 28 za kilevi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa moja inaweza kukifikisha kipimo karibu na 0.6; ya pili ikinywewa upesi, mpaka umevukwa. Mwanamke wa uzito huohuo kwa kawaida hupanda zaidi. Urwagwa wa nyumbani, pombe ya ndizi, una hatari yake: kibuyu hakina karatasi inayotaja nguvu ya kilichomo. Kuteremka nako ni polepole. Mwili huondoa takriban 0.15 kwa saa, na kahawa, supu au kunawa maji baridi haviongezi kasi hiyo. Aliyefika 1.6 saa sita ya usiku, saa kumi alfajiri bado ana kama 1.0, ingawa amelala, amevaa shati safi na anajiona mzima.

Adhabu ya kwanza haihitaji ajali. Kwa miaka mingi faini ya kuendesha kwa ulevi imekuwa faranga 150,000, mara sita ya ile ya mwendo kasi ya 25,000, na polisi wamekuwa wakimweka dereva mahabusu siku 5 huku chombo chake kikizuiliwa. Fedha hukopwa zikalipwa. Siku 5 hazikopeki. Mwajiriwa huulizwa kazini alikuwa wapi. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, ambaye chakula cha nyumbani hutoka kwenye pikipiki kila siku, hukosa vyote viwili, mapato na chombo. Ndiyo maana wanaojua hesabu hawaanzi na faini wanapotaja gharama ya kosa hili.

Mtu akifa, kosa linahama kutoka daftari la barabarani kwenda sheria ya makosa ya jinai, nambari 68/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018. Kifungu cha 111 kinaadhibu kuua bila kukusudia kwa kifungo cha miezi 6 hadi miaka 2 na faini ya faranga 500,000 hadi 2,000,000. Kujeruhi bila kukusudia nako ni jinai. Neno "bila kukusudia" huwadanganya wengi: halimwondolei mtu hatia, maana uzembe wenyewe ndio unaoshtakiwa, na kushika usukani baada ya kunywa ni uzembe usiohitaji maelezo marefu mbele ya hakimu.

Upande wa fidia una njia yake. Bima ya lazima ipo kwa ajili ya aliyegongwa, naye hulipwa hata kama dereva alikuwa amelewa. Lakini kampuni ya bima ikishalipa inaweza kumgeukia dereva huyo na kumdai ilichotoa, na gari lake mwenyewe mara nyingi hubaki bila wa kulitengeneza. Deni la namna hiyo huweza kula kiwanja cha familia.

Mwezi Mei 2019 Polisi ya Rwanda ilizindua kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fika kwa amani, na ulevi ulikuwa miongoni mwa mambo iliyoyakemea. Kwa mkazi wa Batsinda kufika kwa amani ni jambo dogo la kupanga, mradi lipangwe kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa. Gari linabaki nyumbani, au funguo zinakabidhiwa kwa asiyekunywa, au dereva wa kukodi anaitwa. Baada ya mishikaki na viazi vya kuchoma huko Kagugu, motari yupo kando ya barabara na kofia ya pili ameitundika kwenye usukani. Nauli yake hata haifai kulinganishwa na 150,000. Uamuzi ukiahirishwa hadi baada ya chupa ya tatu, anayeamua huwa ni chupa.

Mjomba