Simu Yangu Ilijua Upepo wa Lamu, Haikujua Upepo wa Pale

Wasee, nianze na ukweli: mimi ni mtu wa Maua. Nimezaliwa Nyambene, nimekulia baridi na matope mekundu, na maji mengi niliyowahi kuyaona kabla ya mwaka jana ni yale ya mto ukifurika mwezi wa kumi na moja. Kwa hivyo mtu akiniuliza nilifikaje kwenye mashindano ya mashua Lamu, jibu ni moja tu: miraa.

Anko wangu anauza miraa Lamu. Kama unatoka kwetu unajua hii biashara haina subira. Ikishakatwa una kama masaa 48, baada ya hapo unauza majani. Desemba iliyopita alihitaji mtu wa kumsaidia kupokea mzigo, nami nilihitaji kontenti. Tukaelewana.

Siku ya tatu nikiwa pale, vijana wa mtaani walikuwa wanapanga shindano lao dogo. Sio yale makubwa ya Maulidi au ya tamasha la utamaduni yanayojaza watalii. Hili lilikuwa la mashua tano, watu wanajuana, zawadi ni elfu kumi na maneno ya kutambiana mwezi mzima. Kutoka mbele ya mji, mnashuka hadi boya karibu na Shela, mnazunguka, mnarudi.

Nilikuwa nimesimama gatini na simu yangu wakati nahodha mmoja mzee aliniangalia kutoka juu hadi chini akauliza, "Kijana, kilo ngapi?"

"Themanini na mbili, mzee."

"Ndoo."

Nikaangalia huku na kule nikitafuta ndoo. Vijana wakaangua kicheko. Kumbe kwa Kiamu "ndoo" ni "njoo". Mzee alikuwa amepungukiwa na mtu mmoja, na mimi nilikuwa nimeajiriwa kama farumi, yaani ule uzito unaowekwa chomboni kisipinduke. Wengine wanaweka magunia ya mchanga. Wao waliniweka mimi.

Sasa, mnanijua. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimesoma kila kitu. Programu ya hali ya hewa ilisema kaskazi, upepo mzuri kutoka kaskazini mashariki. Nilikuwa na jedwali la maji kujaa na kupwa. Nilijua kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi kama Machi, kisha kusi huchukua zamu, na kati yao kuna kipindi cha tanga mbili ambapo upepo haueleweki. Nilijua majahazi ya Arabuni yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi kwa mamia ya miaka. Nilikuwa profesa, wasee.

Tukaanza saa mbili na nusu asubuhi. Maji yalikuwa yanakupwa, yakitoka kuelekea baharini, kwa hivyo safari ya kwenda Shela ilikuwa raha. Mashua zote tano zilikaa katikati ya mkondo, pale penye kina, na maji yakatubeba. Sisi tulikuwa wa nne. Nikarekodi.

Shida ilianza tulipozunguka boya. Sasa maji yote yale yalikuwa yanatusukuma nyuma. Mashua tatu za mbele zikabaki katikati, matanga yamejaa vizuri, povu linaruka mbele. Mzee wetu akafanya kitu cha ajabu. Akageuza usukani tukaenda pembeni kabisa, upande wa Lamu, karibu na ufuo mpaka nikaona mchanga chini ya maji. Mimi nikiwa na jedwali langu nikajua tumekwisha. Nikarekodi klipu ya sekunde kumi na tano nikinong'ona, "Wasee, mzee amepotea, tunaenda kukwama." Nikaiposti hapo hapo.

Dakika chache baadaye nikainua macho. Zile mashua tatu bado zilikuwa na povu mbele, bado zilionekana zinakimbia. Lakini nikachukua mnazi mmoja ulioko nchi kavu nyuma yao kama alama, na mnazi haukusogea. Zilikuwa zinakimbia pale pale, kama mtu anayepanda eskaleta inayoshuka. Sisi tulikuwa tunapita miti mmoja baada ya mwingine, polepole, bila povu la kupiga picha.

Baadaye nilielewa. Maji yakikupwa, nguvu yake iko katikati penye kina. Pembeni, penye maji machache, chini kunayakwaruza na kuyapunguza kasi. Ukienda na maji, kaa katikati. Ukipingana nayo, jifiche pembeni. Jedwali langu lilijua saa ambayo maji yatapwa. Halikujua yatapitia wapi.

Tukapita mmoja. Tukapita wa pili. Tumebakisha mashua moja tu, na mji unaonekana wazi. Hapo ndipo mimi, Njuri Ncheke wa upepo, nilipoharibu.

Mzee aliona kitu upande wa Manda. Maji yalikuwa yamebadilika rangi, alama nyeusi yenye mikunjo inakuja haraka kwetu. Huo ni upepo unaoonekana kabla haujafika. Wengine wote wakahama kabla hajasema. Kisha akanipigia kelele mimi, "Ndoo goshini! Ndoo!"

Goshini ni upande ule upepo unakotoka. Alikuwa ananiita niende kule nikalie ubao na kilo zangu themanini na mbili. Lakini mimi nilikuwa na simu mkononi, nimechanganyikiwa, na nikasikia "ndoo". Nikainama chini, upande ambao sio, nikachukua ndoo ya kuchotea maji nikamletea.

Upepo ukagonga tanga. Mashua ikalala, maji yakaingia, na mtu mmoja akalazimika kulegeza kamba ili tusipinduke. Tulipomaliza kuchota, ile mashua ya kwanza ilikuwa imeshafika. Tukawa wa pili. Elfu kumi zikaenda kwa watu wengine, na pale kulikuwa na vijana wawili ambao niliwasikia asubuhi wakizigawa kabla hazijapatikana.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Tulipokuwa tunakunja tanga nilimwomba mzee msamaha, nikamwonyesha na ile klipu, kwa sababu nilijua ataiona tu. Akaitazama hadi mwisho. Akaniuliza, "Jana usiku uliangalia mwezi?"

Sikuangalia. Ulikuwa mpevu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo huwa mkali kuliko siku za maji mafu. Mwezi ulikuwa juu ya kichwa changu usiku mzima nami nilikuwa nasoma kuhusu maji kwenye simu.

Kabla hamjasema hii ni ile hadithi ya wazee wanajua na simu ni mbaya, ngoja. Mzee alitoa simu yake mfukoni. Ana programu ile ile. Anaiangalia kila asubuhi. Akasema, "Hii hunambia upepo wa Lamu. Haiwezi kunambia upepo wa hapa." Halafu akanionyesha mashua zilizotia nanga, jinsi pua zake zote zinavyoelekea kule mkondo unakotoka. Yeye hulinganisha. Mimi sikuwa na kitu cha kulinganisha nacho.

Na hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho sijawahi kukiandika hapa.

Mwaka juzi nyumbani tulikuwa tumeanika maharagwe uani kwenye turubai. Babu alitoka nje, akaangalia ukungu ulivyokaa Nyambene, akasema tuyaingize. Nikamwonyesha simu: mvua asilimia sifuri. Nikamwambia, "Babu, hii ni setilaiti." Akanyamaza akarudi ndani. Tukaenda sokoni. Mvua ilinyesha tukiwa sokoni. Gunia mbili za maharagwe zilioza, na hizo ndizo zilikuwa karo ya sista yangu ya muhula uliofuata. Alikaa nyumbani wiki tatu. Babu hakusema lolote, nami sikusema samahani. Nilisema mitandao ilikosea.

Setilaiti haikukosea sana. Pengine karibu kote kulikuwa kukavu kweli. Lakini mlima una mambo yake, na mtu aliyeutazama kwa miaka sabini alikuwa amesimama futi mbili kutoka kwangu.

Ile klipu sijaifuta. Nimeiacha na maelezo mapya chini: "Aliyepotea ni mimi."

Nilirudi Maua Januari. Asubuhi ya kwanza nikamkuta Babu nje na kikombe cha chai, nikasimama kando yake nikamuuliza anaona nini. Akaniangalia muda mrefu, akauliza, "Simu imeisha chaji?"

Nikamwambia hapana, iko asilimia themanini. Nikamwomba samahani ya maharagwe. Akanywa chai. Kisha akanyoosha kidole kwenye ukungu, akaanza kunieleza. Sijaelewa hata nusu, na macho yake hayaoni mbali kama zamani, kwa hivyo siku hizi ananiuliza mimi ukungu umefika wapi, halafu ananiambia maana yake.

Kwenu ni nani anajua kusoma anga? Na ulimuuliza lini mara ya mwisho?