Nauli ya Lugulu: Piga Hesabu Mguu Ungali Chini

Huenda msomaji umesikia kutoka kwa jamaa aliyezuru London kwamba huko mgeni anaweza kununua tiketi ya juma zima, akapanda na kushuka apendavyo. Wageni wa huko hujiuliza iwapo tiketi hiyo ni nafuu kuliko kulipia kila safari peke yake. Nawe unayejiandaa kwenda Lugulu kumjulia hali mgonjwa katika hospitali ya Friends, au kumtazama binti yako katika shule ya wasichana, swali hilo linakuhusu pia.

Kwa kweli tiketi za namna hiyo hazijatia mizizi katika matatu zetu. Hata kadi ya BebaPay, iliyoletwa Nairobi mwaka 2013 na Google ikishirikiana na benki ya Equity, ilikuwa ya kulipia safari moja moja. Kufikia 2015 ilikuwa imezikwa. Lakini uamuzi wenyewe ungalipo, ila umevaa nguo nyingine.

Chukua safari ya kutoka Nairobi. Wageni wengi hukata tiketi ya Kitale kwa kuwa ni jina kubwa. Mabasi mengi ya Kitale, yakishapita Eldoret, hushika njia ya Moi's Bridge, kwa hivyo utafika mwisho wa safari kisha ulipe nauli nyingine ya kurudi kusini kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu. Panda basi la Bungoma au Malaba, ushukie Webuye. Lugulu iko kilomita chache tu kutoka hapo. Uliza mapema kama utatozwa nauli ya Webuye au ya mwisho wa safari.

Hapo Webuye matatu ya Kitale inayojaza abiria stejini aghalabu haimtaki mtu wa Lugulu, kwani kiti chake kitabaki kitupu njiani. Utingo atakutajia nauli nzima. Ukiwa huna mizigo na jua lingali juu, sogea kando ya barabara ungoje gari linalookota abiria. Giza likiwa limeingia na una watoto, mimi ningelipa hiyo nauli nzima bila kunung'unika.

Ukishafika, tiketi ya siku ni bodaboda ya kukodi. Tuseme safari moja ni shilingi 50, nawe unaenda hospitalini na kurudi, asubuhi na jioni. Hizo ni shilingi 200. Mwendeshaji akitaka 400 kwa siku nzima, mshukuru uachane naye. Lakini ukitaka kupitia soko la Misikhu, kisha upande mlima Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895, halafu uone maporomoko ya Nzoia karibu na Webuye, hizo 400 ni bei ya kutupa. Kubalianeni kwanza nani atatia petroli, maana ugomvi mwingi wa jioni huzuka hapo. Kumbuka pia kwamba sheria inaruhusu pikipiki kubeba abiria mmoja tu. Mkiwa wanne, teksi ya kukodi huenda ikawa rahisi kuliko pikipiki nne.

Wanaoumia zaidi ni wanaomuuguza mtu. Mke anayelala Bungoma na kuja Lugulu kila siku kumtazama mumewe hulipa magari manne, mawili ya kuja na mawili ya kurudi, na siku ya nne pesa zilizotengewa dawa zimeishia kwa utingo. Daktari akisema mgonjwa atalazwa wiki mbili, ulizia chumba cha kupanga karibu na hospitali siku hiyo hiyo, kabla hujalipa nauli ya pili.

Kuhusu binti wa shule, usimpe nauli kamili ya siku za kawaida. Shule zikifungwa, na hasa Desemba, nauli hupanda asubuhi na kupanda tena jioni. Mwongezee kidogo, tena kwa noti ndogo ndogo, ili asikae akidai chenji gari likiondoka.